Sarufi iliyotoka kwenye masimulizi: kisa cha Freda Ahenakew na lugha ya Kikri

Mwaka 1984 Chuo Kikuu cha Manitoba, nchini Kanada, kilimtunuku shahada ya uzamili katika isimu ya Kikri mama wa watoto 12 ambaye alikuwa amerudi darasani ukubwani. Freda Ahenakew alizaliwa mwaka 1932 Ahtahkakoop, eneo la Wakri, mojawapo ya jamii za wenyeji wa asili wa Kanada, lililoko kaskazini-magharibi ya mji wa Prince Albert, jimbo la Saskatchewan. Eneo hilo lina jina la chifu aliyetia saini Mkataba wa Sita, kati ya ufalme wa Uingereza na jamii za wenyeji, mwaka 1876 kwa niaba ya watu wake. Shahada ya kwanza, ya ualimu, Ahenakew alikuwa ameipata mwaka 1979. Kikri chenyewe hakukipata chuoni, alikua nacho.

Tasnifu yake ilijibu swali ambalo mwalimu yeyote wa lugha inayopungukiwa na wasemaji hulikuta siku ya kwanza kazini: tuanzie wapi? Jibu lake lilikuwa kwamba sarufi ya darasani itolewe kwenye masimulizi kamili ya wasemaji, wala si kwenye orodha za maneno au majedwali yaliyopangwa kwa kufuata sarufi ya Kiingereza. Miaka mitatu baadaye kazi hiyo ilitoka kama kitabu, na walimu wa Kikri wakaanza kukitumia.

Nimechagua kisa chake kwa sababu mara nyingi kurekodi lugha na kuifundisha huchukuliwa kuwa kazi mbili za watu wawili. Mtaalamu anakuja, anarekodi, anaandika makala, kanda zinakwenda kabatini. Miaka ikipita mwalimu wa kijijini anatafuta cha kufundishia na hakipati. Kwa Ahenakew kurekodi na kufundisha vilikuwa kitu kimoja tangu mwanzo, na ukiangalia kwa karibu unaona kwamba hilo lilibadilisha hata aina ya lugha iliyorekodiwa.

Hali aliyoikuta

Kikri ni mnyororo wa lahaja za jamii ya Algonquian, kuanzia Alberta magharibi hadi Quebec na Labrador mashariki. Sensa ya Kanada ya mwaka 2021 ilihesabu watu zaidi ya 86,000 wanaoweza kuzungumza kwa lugha hizi, idadi ambayo hakuna lugha nyingine ya wenyeji wa asili wa nchi hiyo inayoifikia. Kwa kusikia tu, mtu anaweza kudhani hakuna tatizo. Lakini idadi hiyo imetawanyika kwenye nchi kubwa mno, na katika familia nyingi wanaoizungumza lugha kwa ufasaha ni wazee, huku wajukuu wakiitikia kwa Kiingereza.

Chanzo kinajulikana. Kwa zaidi ya karne moja, serikali ya Kanada na makanisa ziliendesha shule za bweni ambako watoto wa wenyeji zaidi ya 150,000 walipelekwa mbali na wazazi wao. Katika shule hizo watoto waliadhibiwa kwa kusema lugha zao. Ya mwisho ilifungwa miaka ya 1990, na mwaka 2015 Tume ya Ukweli na Maridhiano iliuita mfumo huo mauaji ya kitamaduni. Mtoto aliyechapwa kwa ajili ya Kikri alikua akawa mzazi, na wazazi wengi wa namna hiyo waliamua kuwaepusha watoto wao na maumivu yale yale kwa kuongea nao Kiingereza. Siwezi kuwalaumu hata kidogo.

Mwaka 1972 chama cha kitaifa cha viongozi wa wenyeji kilidai watu wake waachiwe kusimamia elimu ya watoto wao wenyewe, na mwaka uliofuata serikali ikakubali msimamo huo. Shule zikaanza kurudi mikononi mwa jamii, na jamii zikataka Kikri kiwemo kwenye ratiba. Hapo ndipo upungufu ulipojitokeza wazi. Wasemaji walikuwepo, lakini waliowahi kufundishwa namna ya kuieleza lugha yao walikuwa wachache, na vitabu vilikuwa vichache zaidi. Njia nyepesi iliyobaki ilikuwa kufundisha rangi, namba, majina ya wanyama na salamu.

Kwa nini orodha ya maneno haifiki mbali

Mweleze mtu mzima anayejua Kikri akutajie neno la "mama". Atakwambia nikâwiy. Ukiandika kwenye daftari kwamba nikâwiy ni mama, tayari umepotoka, kwa kuwa neno hilo ni "mama yangu". Mama yako ni kikâwiy, mama yake ni okâwiya. Mzizi wenyewe hausimami peke yake. Lazima awe mama wa mtu. Orodha inayotaka neno tupu inaidai lugha kitu ambacho haina, na mwanafunzi anayeikariri atakuja kumtaja mama wa mwenzake kama wa kwake.

Hilo ni dogo. Jambo zito zaidi ni namna Kikri kinavyowatenganisha watu wawili wanaotajwa pamoja. Sisi tunasema: Asha alimwambia Rehema kwamba ameitwa. Nani ameitwa? Kiswahili kinamwachia msikilizaji aamue kwa muktadha. Kikri hakimwachii. Wahusika wa nafsi ya tatu wakiwa wawili, mmoja hushika nafasi ya mbele na mwingine hutiwa alama ya kuonyesha kwamba yuko nyuma yake. Wanaisimu wa zamani waliiita nafsi ya nne. Mwanamume ni nâpêw, mbwa ni atim. Mwanamume akimwona mbwa, utasema nâpêw wâpamêw atimwa, na ile -wa kwenye mbwa ndiyo alama ya aliye nyuma. Sasa mbwa ndiye amemwona mwanamume, ila msimulizi bado anamfuata mwanamume: nâpêw wâpamik atimwa. Majina hayakuguswa wala hayakuhamishwa. Mwisho wa kitenzi ndio uliogeuka: -êw inasema tendo linatoka kwa aliye mbele, -ik inasema linamjia yeye.

Tunaozoea nilimwona na aliniona tunaielewa haraka dhana ya kumbeba mtendaji na mtendwa ndani ya kitenzi kimoja. Wanafunzi wengi wa Kikri leo, hata walio Wakri kwa damu, wanaanza na Kiingereza kichwani, ambako kazi hiyo hufanywa na mpangilio wa maneno. Kwao wâpamik ni fumbo. Na tatizo ni hili: nafsi ya nne haiwezi kutokea kwenye orodha ya maneno, wala kwenye sentensi fupi za "huyu ni mbwa". Inahitaji angalau watu wawili na tukio kati yao, maana yake inahitaji kisa. Asiyesikia visa hawezi kuipata, hata akae darasani miaka mingi.

Kuna na suala la vitenzi. "Ninakula" ni nimîcison, ambapo ni- ya mwanzo ndiyo "mimi". Lakini ipo safu ya pili ya vitenzi, ambamo ninakula huwa ê-mîcisoyân na "mimi" amehamia mwishoni, kwenye -yân. Vitabu vya kuanzia kwa kawaida hutanguliza safu ya kwanza, kwa kuwa inaonekana nyepesi. Wazee wanaposimulia, lakini, ê- inatiririka sentensi baada ya sentensi. Mwanafunzi aliyemaliza mwaka mzima na safu ya kwanza akimsikiliza bibi akisimulia safari ya kuchuma matunda, hatambui ni nani anayefanya nini. Atadhani bibi anaongea haraka mno, kumbe amefundishwa nusu ya lugha.

Waliotangulia

Ahenakew hakuwa wa kwanza kuona thamani ya masimulizi. Majira ya kiangazi ya mwaka 1925, mwanaisimu wa Marekani Leonard Bloomfield alikaa kwenye eneo la Sweet Grass, Saskatchewan, akiandika kwa mkono maneno ya wasimulizi waliomtamkia. Mmoja wao alikuwa mzee kipofu ambaye jina lake linatafsiriwa "Siku Ijayo", na hadithi alizotoa ni nyingi. Bloomfield alizichapisha katika vitabu viwili, mwaka 1930 na 1934. Ni hazina, na bila yake tungejua machache sana kuhusu Kikri cha kizazi kile.

Ila imla ina gharama yake. Msimulizi anayesubiri kalamu imfikie hukata sentensi zake, na aliye mbele yake ni mgeni anayejifunza lugha, kwa hiyo hakuna wa kuitikia, kukatiza au kuuliza "halafu ikawaje?" Hadithi zilizopatikana kwa wingi zilikuwa za kale, zile Wakri wanazoziita âtayôhkêwina, hadithi takatifu za Wîsahkêcâhk, mhusika mjanja, na wenzake. Kwa mila, hizo husimuliwa majira ya baridi, theluji ikiwa chini. Mwalimu anayeheshimu mila hawezi kuzifungua darasani mwezi wa sita, kwa hiyo hawezi kujenga juu yake somo la mwaka mzima.

Aina nyingine ni âcimowin: habari, simulizi ya maisha, jambo lililompata mtu. Hiyo haina mwiko wa majira. Na ndiyo aina ambayo Ahenakew aliifuata kwa nguvu zaidi.

Bibi anapoongea na mtu wa kwao

Miaka ya 1980 Ahenakew aliongoza taasisi ya lugha za wenyeji ya Saskatchewan, kisha akahamia Manitoba alikofundisha hadi alipostaafu mwaka 1996. Huko alishirikiana kwa miaka mingi na H. C. Wolfart, mwanaisimu ambaye sarufi yake ya Kikri cha nyandani, mojawapo ya lahaja hizo, ilichapishwa mwaka 1973 na bado ni msingi. Ulikuwa ushirikiano wa watu wenye vipawa tofauti: mmoja amebobea katika uchambuzi, mwingine ni msemaji, mwalimu na ndugu wa wale waliorekodiwa, na yeye mwenyewe pia ni mchambuzi.

Mwaka 1992 walitoa kitabu cha masimulizi ya wanawake wazee saba, Kikri kikiwa pamoja na tafsiri ya Kiingereza. Kichwa chake, kôhkominawak otâcimowiniwâwa, kinasema "masimulizi ya bibi zetu", na "zetu" hiyo ni ile inayomjumuisha msomaji. Kikri kina nyingine inayomwacha nje, nao hawakuichagua.

Mambo yanayosimuliwa mle ni ya kazi na nyumba: kulea watoto, kutibu wagonjwa, kupata chakula na kukihifadhi, ndoa, shule, kufiwa. Wanawake hawa wanamweleza mwanamke mwenzao aliyezaa, aliyekulia mazingira yanayofanana na yao, anayeelewa bila kutafsiriwa. Sauti ya anayesikiliza haikufutwa kwenye unukuzi. Anauliza, anaitikia, na msimulizi anabadili mwelekeo kwa sababu ya swali lake. Neno la Kiingereza lililochomoza katikati ya sentensi halikusafishwa ili Kikri kionekane safi.

Naliona hili kuwa kiini cha kisa chote. Lugha hutokea kati ya watu, na nani amekaa upande wa pili wa kinasa sauti huamua kitakachorekodiwa. Mgeni mwenye heshima zote angeweza kupata hadithi, nyimbo, hata sarufi. Asingeweza kupata namna mwanamke wa Kikri anavyomjibu mdogo wake, anavyorudi nyuma kusahihisha jina la mtu, anavyotumia êsa kuonyesha kwamba hili aliambiwa, hakuliona kwa macho. Vipashio vidogo kama êsa ndivyo vinavyokwama zaidi kwenye mafunzo, kwa kuwa havina tafsiri ya neno moja na havina pa kukaa kwenye orodha. Kwenye mazungumzo halisi vimejaa tele, kila kimoja kikiwa mahali pake.

Na kazi haikuishia kwenye kitabu cha wasomi. Mmoja wa wale bibi saba, Glecia Bear, alisimulia jinsi yeye na mdogo wake walivyopotea msituni walipokuwa wasichana wadogo. Mwaka 1991 simulizi hiyo ilitoka kama kitabu cha watoto, Kikri na Kiingereza, na michoro ndani yake. Mtoto anafungua kitabu chenye kisa cha kweli cha watoto wa rika lake, na wahusika wakiwa zaidi ya mmoja muda wote. Ile nafsi ya nne inamjia ukurasa kwa ukurasa kabla hajajua kwamba ina jina. Tayari mwaka 1988 Ahenakew alikuwa amehariri na kutafsiri hadithi nyingine mbili za watoto, zikiwa na michoro ya George Littlechild. Mwaka 1998, yeye na Wolfart wakatoa kamusi ya mwanafunzi iliyokusanywa kutokana na maandiko hayo hayo, kwa hiyo anayesoma masimulizi na kukwama ana mahali pa kutazama.

Masimulizi, sarufi, kitabu cha watoto, kamusi: vyote kutoka chanzo kimoja. Kazi nyingi za kuokoa lugha nilizozisoma zina kimoja au viwili kati ya hivyo. Vinne vinavyoelekezana ni nadra.

Suala la tahajia

Huwezi kunukuu masimulizi bila kuamua utaandikaje, na kwa Kikri uamuzi huu una hisia nyingi. Kuna mwandiko wa silabi uliotangazwa Norway House mwaka 1840 na mmisionari James Evans, ambapo umbo moja huzungushwa kuonyesha irabu tofauti. Simulizi za Wakri wenyewe zinasema walipewa mwandiko huo kwa njia ya kiroho, kupitia mtu wao. Wengi wanaupenda na unaonekana kwenye mabango hadi leo. Kisha kuna herufi za Kilatini, ambazo kwa muda mrefu kila mtu aliziandika kama sikio lake la Kiingereza lilivyosikia.

Ahenakew na Wolfart walishikilia tahajia sanifu yenye alama kwenye irabu ndefu. Watu waliona ni usumbufu, lakini tazama: nipiy ni maji, nîpiy ni jani, sakahikan ni msumari, sâkahikan ni ziwa. Msemaji mzawa anayesoma bila alama atakisia sawasawa kutokana na muktadha. Mwanafunzi hana muktadha huo, na akikariri bila urefu wa irabu ataongea vibaya maisha yake yote. Hapa nasimama upande wao bila kusita. Tahajia ya kufundishia haina budi kumtumikia asiyejua.

Lahaja zina ugumu wake. "Mimi" ni niya nyandani, nitha kwa Wakri wa misituni, nina kwa wale wa maeneo ya vinamasi, na kuna lahaja zenye nila na nira. Tahajia moja ya kanuni inaruhusu kila jamii kuandika sauti yake bila kuvunja mfumo. Kazi hiyo iliendelezwa na walimu wengine wa Saskatchewan, hasa Jean Okimāsis na Arok Wolvengrey, ambao mwaka 2008 walitoa mwongozo wa tahajia.

Njia hii inapofikia kikomo

Sitaki kuonyesha kwamba masimulizi yanatosha. Yanamdai mwalimu mengi: awe msemaji, asome unukuzi bila kubabaika, na ajue sarufi kiasi cha kujibu "kwa nini hapa ni -ik?" Watu wenye sifa hizo tatu ni wachache. Pia tafsiri iliyo karibu na matini ina mvuto wake. Mwanafunzi mvivu anaweza kupitia kitabu kizima akisoma Kiingereza tu. Na mtu anaweza kuwa msomaji hodari wa Kikri asiyeweza kuagiza chai. Umahiri wa kuongea unatokana na kuongea, saa nyingi, na wanaokusahihisha papo hapo. Ndiyo maana wazazi wa Saskatoon wanaotaka Kikri kiwe lugha ya kusomea wanawapeleka watoto shule ya St. Frances, ambako masomo hutolewa kwa Kikri na Kiingereza. Ni kazi ya namna nyingine kabisa, na kitabu hakiwezi kuishika nafasi yake.

Upande mwingine, masimulizi yale yamepata matumizi ambayo mwaka 1984 hakuna aliyeyawaza. Katika Chuo Kikuu cha Alberta, wataalamu wa isimu ya kompyuta wamejenga kamusi ya mtandaoni iitwayo itwêwina. Ukiandika ê-mîcisoyân, neno ambalo kamusi ya karatasi haina kwa kuwa imeorodhesha mîcisow peke yake, programu inalichambua, inakuonyesha mzizi wake na kukueleza kwamba mtendaji ni "mimi". Kwa lugha ambayo kitenzi kimoja kina sura mamia, msaada huu ni mkubwa kwa anayejifunzia mbali na bibi yake. Na matini ambayo wataalamu hao waliyachambua neno kwa neno, ili kujua ni sura zipi watu huzitumia kweli na kwa wingi gani, ni mkusanyiko wa Ahenakew na Wolfart.

Ahenakew alipewa Nishani ya Kanada mwaka 1998 na akafariki mwaka 2011. Vitabu vya masimulizi vingali vinachapishwa upya, na walimu wa chuo wanavitumia kwa wanafunzi waliokwisha kuvuka hatua ya mwanzo. Kwa mtazamo wangu wanavichelewesha. Kurasa mbili za Glecia Bear zinaweza kuingia darasani mwezi wa kwanza wa masomo, zikisomwa kwa sauti, polepole, na mwalimu akiuliza baada ya kila sentensi: nani yuko mbele, nani yuko nyuma?